Nguo za Baraza Yangu

Matofali yalifika kabla ya mwanangu. Pikapu iliingia uani nikiwa nachambua mchicha, dereva akashuka, akaniamkia vizuri, "Shikamoo, bibi," kisha akaanza kuyapanga kando ya ukuta bila kuniuliza yanataka kukaa wapi. Nami sikumuuliza ni ya nini. Niliendelea na mchicha wangu. Nilijua maneno yenyewe yanakuja na gari jingine.

Yalikuja jioni. Japheth, mwanangu wa kwanza, ni mkubwa wa stoo katika hoteli moja kule Diani. Ni mtoto mwema, sitaki mtu amdhanie vibaya. Alikuja na mkewe Kavata, binti wa Kikamba ambaye baba yake ana shamba Shimba Hills. Wakaniamkia, wakanywa chai, Japheth akaliangalia lile rundo la matofali kama mtu aliyenunua ng'ombe.

"Mama, tumeamua kukufanyia jambo zuri. Baraza hii tunaizungushia ukuta. Utakuwa na sebule ya kweli. Madirisha ya grili, vigae chini, makochi. Ukae ndani kama mama wa watu."

"Na sasa hivi nakaa kama mama wa nani?"

Kavata alicheka, akaziba mdomo kwa upande wa leso.

"Mama, mimi sifanyi mzaha," alisema Japheth. "Angalia mwenyewe. Chokaa imebanduka, sakafu ina nyufa, mkeka umekatika. Watu wakipita barabarani wanadhani hapa ni steji ya magari."

"Wakidhani hivyo ni vizuri. Watasimama."

Nyumba yangu iko kando ya barabara, ukitoka Kombani ukipandisha kuelekea Kwale, na baraza imeitazama barabara hiyo uso kwa uso. Aliijenga mume wangu marehemu, Ziro, alipoacha kukata miwa kule Ramisi. Nguzo ni boriti alizozichagua mwenyewe. Hapo ndipo watoto wangu walipokulia, na hapo ndipo nilipowategea vitendawili kila jioni nikisubiri ugali uive. Mtoto aliyeshindwa kutegua nilimwambia, "Nipe mji," naye lazima anipe mji ninaoutaka mimi, ndipo nimpe jibu. Japheth akishindwa alikuwa akinipa Ramisi. Aliona mji wenye kiwanda cha sukari ndio mtamu kuliko yote duniani, na alipokuwa akinipa ilimuuma kweli, mpaka machozi yakimlengalenga.

Sasa mtoto huyo anataka kuifunga baraza. Sikulala vizuri usiku ule, na nitaeleza kwa nini. Miguu yangu haiendi mbali tena. Dunia ndiyo inayonijia mimi, na inanijia kwa njia ya baraza. Anayekwenda shamba ananipungia mkono, anayerudi hospitali anakaa kidogo apumzishe mgongo. Ukiweka ukuta na mlango, kila mmoja itabidi apige hodi. Na mtu hapigi hodi ili aje akae kimya. Anapiga hodi akiwa na haja. Barazani hahitaji haja yoyote, anakaa tu, na maneno yakija yanakuja. Nikishafungiwa humo na makochi yangu, nitabaki kumsalimia nani? Televisheni?

Asubuhi yake, kabla hawajaondoka, nilimwambia, "Japheth, nipe mwaka. Unasema baraza inakutia haya. Haya, nami nasema haijavaa tu. Nipe mwaka niivishe. Ukirudi ukaona bado inakutia haya, jenga, na kamba ya fundi nitaishika mimi mwenyewe."

"Utaipamba kwa nguvu gani, Mama? Na magoti hayo?"

"Nani alikwambia mimi napamba kwa magoti?"

Alikubali. Msinisifu, sikumshinda kwa maneno. Fundi wake, Mutinda, alikuwa amemwambia masika yako mlangoni na ukuta hautakauka vizuri. Wakapatana waje mwakani, Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, jua likiwa bado kali. Matofali yakabaki pale pale kando ya nyumba, yananitazama.

Basi nikajiwekea masharti. Kitu cha kununua, hapana. Kitu cha kunipandisha juu ya kiti, hapana, nisije nikavunjika nikawapa sababu. Na kitu cha kumwagiliwa maji kila asubuhi, hapana vilevile. Mtu mwenye masharti kama hayo hubaki na alichonacho, nami nilikuwa na vitu vingi, sema sikuwa nimeviangalia.

Masika yalipoanza, adui alikuwa tope. Matone yakidondoka ukingoni mwa bati yanarusha udongo mwekundu hadi katikati ya ukuta, baraza inaonekana kama imepigwa mateke. Jirani yangu Husna anapika mahamri na viazi vya karai vya kuuza, na nazi anazokuna kwa siku moja zinatosha harusi. Makumbi anayatupa nyuma ya nyumba. Nikamwomba. Nikayalaza kwa kupangana mstari mmoja chini ya ukingo wa bati, mgongo juu. Matone yakawa yanaangukia makumbi, tope likakoma, na ukitazama ukiwa barabarani unadhani mtu ametandika zulia la kahawia. Hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja, nimekaa chini, nasogea kwa makalio kama mtoto.

Halafu vifuu. Husna alikuwa anavitumia kuwashia moto, nikamnyang'anya vile vikubwa. Nikavijaza udongo, nikachomeka vijiti vya mrehani. Mvua yenyewe ndiyo iliyonimwagilia. Lakini vifuu havikai chini, vinapinduka. Vilihitaji mahali pa kukaa. Nikayatazama matofali ya Japheth. Nayo yakanitazama.

"Charo," nikaita, "hebu nisogezee hayo mawili matatu."

Mzee Charo alikata miwa Ramisi pamoja na marehemu mume wangu, na tangu mume wangu afariki hajaacha kuja kila alasiri. Anakuja na fimbo yake, anakaa, anasinzia, anaamka, anauliza, "Ulikuwa unasemaje?" hata kama sikusema kitu. Alinisogezea matofali kwa taratibu zake, moja, anapumzika, jingine, anapumzika. Nikavipanga vifuu juu yake, vingine juu, vingine chini, kama ngazi. Mvua ikinyesha harufu ya mrehani inakuja hadi chumbani.

Husna alipopita na beseni lake alisimama barabarani akashika kiuno.

"We Jumwa! Unampambia nani huko? Umepata mchumba?"

"Nimepata. Nikikutajia utaniibia."

"Wa kuibiwa ni huyo anayesinzia hapo? Baki naye, shoga, mimi simtaki. Anakoroma."

"Ulikuwa unasemaje?" aliuliza Charo.

Tulicheka hadi Husna akaweka beseni chini. Sikujua kwamba mzaha ule ulishuka naye hadi kwa wateja wake, na wateja wa mahamri wana masikio makubwa.

Kusi ilipovuma, mvua ikaisha na mahindi yakawa tayari. Kila mwaka mbegu nazianika ndani, juu ya jiko. Safari hii niliacha maganda yake, nikayafunga mafungu mafungu, nikamwomba Charo ayatundike kwenye boriti kwa ndoana ya fimbo yake. Yalipendeza, walahi. Njano juu, kijani cha mrehani chini. Wapita njia walikuwa wanageuza shingo. Nikatembea kwa maringo siku nzima ndani ya uwanja wangu mwenyewe.

Kesho yake nimeamka, nimekuta beberu wa Charo amesimama kwa miguu ya nyuma kama mtu anayetafuta kitu kwenye kabati. Alikuwa ameshamaliza mapambo yote aliyoyafikia, na ananitazama huku gunzi limemtoka mdomoni.

"Charo! Njoo umwone mgeni wako!"

Charo alikuja, akaona, akavua kofia. Jioni alirudi na kiroba cha vibuyu vya zamani vya mkewe marehemu, virefu, vya mviringo, vyenye shingo iliyopinda. "Hivi beberu havili," alisema. Nikaviweka kwenye matofali mengine zaidi, vikubwa kwa vidogo, na ule mkeka wangu uliokatika nikautundika upande unaopigwa na upepo, ukawa pazia. Beberu alikuja, akanusa kibuyu, akaenda zake ameudhika. Hadi vuli inaisha sikubadilisha kitu pale ila kuvigeuza vibuyu, leo vinatazama barabara, kesho vinatazama mlango. Ukigeuza kitu kidogo tu mtu anakwambia, "Mama Japheth, umeongeza nini hapa?" Nami najibu, "Nimeongeza akili."

Krismasi walikuja Japheth na Kavata. Nilikuwa nimechomeka tawi la mvinje ndani ya debe la mchanga, juu ya matofali mengine tena, na machungwa manne matano yananing'inia kwa uzi. Leso zangu za zamani, zile ambazo siwezi kuzivaa mbele za watu, nimezikunja nikazitandika penye kukaliwa, rangi nyekundu tupu, moja baada ya nyingine.

Japheth alikaa. Akanyoosha miguu. Akavuta pumzi ndefu, akafumba macho. Moyo wangu ulianza kupiga ngoma.

"Pananukia vizuri," alisema.

"Eeh."

"Lakini ukuta uko pale pale, Mama. Mapambo ni mapambo. Fundi nimeshampa tarehe."

Ngoma ikanyamaza. Nilimega kipande cha mkate wa sinia nikatafuna ili nisijibu. Kavata alinitazama, akaona. Usiku tulipokuwa tunaosha vyombo aliniambia kwa kile Kiswahili chake cha kwao, "Mama, mimi naipenda baraza yako. Nikiwa hapa nasikia kichwa kimetulia. Lakini huyu mtu wako nikimwambia ananiambia ati mimi si wa huku sielewi."

"Mimi wa huku ameniambia sielewi vilevile," nilimjibu. "Basi tuwe wawili."

Tangu siku hiyo alikuwa ananipigia simu kila wiki. "Mama, nimeona picha ya maua kwa simu, si nikuletee?" Nami namwambia, "Usilete kitu, mwanangu. Vya kwangu havijaisha."

Ramadhani iliingia kaskazi ikiwa inachoma. Mimi ni mtu wa kanisani, Husna ni mtu wa msikitini, na baraza haijawahi kumuuliza mtu anasali wapi. Niliondoa vibuyu, nikaosha kandili la marehemu, nikaling'arisha kwa majivu, nikalitundika katikati. Husna akaniletea nyuzi za asumini nikazifunga kwenye nguzo, za jana nikizitoa, za leo nikizivika. Watu waliokuwa wakija kuchukua futari kwake walikosa pa kukaa wakisubiri adhana, wakawa wanakuja kwangu. Wakikosa nafasi wanachukua tofali, wanatandika leso, wanakaa. Na waliokaa hawakurudisha matofali rundoni. Walirudisha wapi? Yalibaki barazani yamezunguka kama viti vya mkutano. Idi ilipofika nilitupa jicho kando ya nyumba, nikaona mchanga mtupu na alama ya mahali rundo lilipokuwa.

Siri hiyo sikuitoa. Hata kwa Charo.

Ijumaa Kavata alitangulia kuja. Usoni alikuwa na huzuni kuliko mimi. Alikuwa amekodi gari dogo kutoka Shimba Hills, amepitia shambani kwa baba yake, na nyuma kulikuwa na mizigo aliyoifunika kwa turubai. Hakutaka niitazame.

Jumamosi asubuhi nilimwambia, "Mimi nakwenda Kombani kutafuta samaki, fundi asije akakuta nyumba haina kitoweo. Jua linaingia upande wa barabara. Nikatie makuti mabichi mawili matatu uyafunge kwenye nguzo, tupate kivuli. Kama ni siku yake ya mwisho, iwe na kivuli."

"Nitaitengeneza vizuri, Mama," alisema. "Wewe nenda tu."

Nilichelewa sokoni kwa sababu samaki walichelewa. Nikiwa nasubiri, Jemima muuza mboga akaacha kufunga sukuma wiki akaja kunikumbatia.

"Hongera, Mama Japheth! Lakini umetuficha! Hata sisi?"

"Hongera ya nini?"

"Anauliza ya nini!" aliwaambia wenzake, na wote wakacheka kile kicheko cha puani. "Nenda, nenda, mama. Leo si siku yako ya kubeba samaki."

Nilidhani amenichanganya na mtu. Nikapanda tuktuk. Dereva akapiga honi njia nzima, pii pii pi, kila tukipita watu. Nikamuuliza kama breki zimekatika. "Hapana, bibi," alijibu, "ni heshima tu."

Tulipokata kona nikaiona nyumba yangu.

Ewe Mola. Langoni, kulia na kushoto, ilisimama migomba miwili mizima, na mikungu yake. Juu yake makuti mabichi yamechanwa, yameinamishwa, yamekutana katikati kama upinde. Nguzo zote za baraza zimesukwa makuti kuanzia chini hadi juu, asumini imepita katikati. Kavata alikuwa ameifanya kazi nzuri kuliko nilivyowahi kuona. Ila kule kwao, mgomba ni mgomba. Kwetu huku, migomba langoni na makuti yaliyoinamishwa, tena Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, wakati watu wametoka kungoja mwezi mzima ndoa zianze, maana yake ni moja tu. Hapa pana harusi. Njooni.

Nao walikuwa wamekuja. Kwetu harusini jirani hahitaji kadi. Akiona migomba anachukua mbuzi yake ya kukunia nazi, ungo na kisu, anakwenda. Uwanja ulikuwa umejaa wanawake. Wengine wanapeta mchele, wengine wanamenya vitunguu, mafiga yamewashwa, na barazani, juu ya kila tofali la Japheth, amekaa mwanamke mzima anakuna nazi.

Husna alinipokea kwa kigelegele kirefu hadi sauti ikamkauka.

"Shoga! Na mimi niliyekutania, kumbe unanichora tu! Ndoa saa ngapi?"

"Ndoa ya nani, Husna?"

"Jamani, ana haya! Ya kwako na huyo!"

Alinionyesha. Mzee Charo alikuwa amekaa mahali pake pa kila siku, shati jeupe limepigwa pasi, kofia mpya, na fimbo imepakwa mafuta. Nikamsogelea.

"Charo, wewe umevaa hivyo unakwenda wapi?"

"Nimesikia njiani kwamba mimi ndiye bwana harusi," alisema kwa utulivu mkubwa. "Nikaona nisichelewe."

Niliingia ndani nimpate Kavata. Alikuwa amejificha nyuma ya pazia la chumbani, analia kimya kimya.

"Mama, nimekuaibisha. Nilitaka Japheth akifika aone ni nzuri mpaka ashindwe kuivunja. Sikujua. Hawa watu wameanza kuja, wananiuliza bibi harusi yuko wapi, mimi nikawa nasema ametoka, nikijua wanauliza wewe..."

"Futa machozi," nilimwambia. "Ulitaka kupamba baraza, umeipamba. Watu ulioniletea sijawaona hapa tangu msiba wa baba mkwe wako, na wale walikuja kulia. Hawa wanacheka. Aibu iko wapi? Njoo uwasaidie kuchuja tui."

Alinifuata nje akiwa bado anapenga kamasi, na wanawake wakampa kigelegele na yeye. Hapo hapo ndipo pikapu ya Japheth ikasimama langoni. Nyuma kuna mchanga na mifuko ya simiti, na fundi Mutinda amekaa juu yake na mwiko mkononi. Japheth alishuka. Alitazama migomba. Alitazama watu. Alimtazama Charo na kofia yake, na uso wake ukaanza kubadilika rangi.

"Mama. Shikamoo. Mama... kuna nini hapa?"

"Marahaba. Kuna harusi. Huoni?"

"Harusi ya nani?"

Mbuzi za nazi zikaacha kukwaruza. Kila mtu alitaka kusikia, hasa Charo, aliyekuwa ameuegemeza mkono sikioni. Na mimi, sijui nguvu zilitoka wapi, nikapanda kibarazani kwangu, nikashika nguzo ya mume wangu, nikapaza sauti.

"Kitendawili!"

"Tega!" waliitikia wote kwa pamoja, wazee kwa wanawake, hadi dereva wa tuktuk aliyekuwa amekataa kuondoka.

"Simtegi kila mtu. Namtega mwanangu aliyeniuliza bibi harusi ni nani. Binti yangu amezaliwa nyumbani, amekulia nyumbani, hajaingia ndani hata siku moja. Kila msimu hubadili nguo."

Japheth alikunja uso. "Mama, nina fundi hapa, simiti itaganda..."

"Tegua!" walimpigia kelele.

"Kuku?"

"Kuku wangu wanaingia hadi mvunguni. Endelea."

"Mgomba."

"Mgomba una nguo moja tu, tena inachanika."

"Mvua... Mwezi. Mama, sijui!"

"Hujui?"

"Sijui."

"Basi nipe mji."

Wanawake wakapiga makofi. Japheth alijaribu kutocheka, akashindwa. Nilimwona yule mtoto wa zamani akipita usoni mwake.

"Nakupa Ukunda."

"Ukunda kuna kelele. Siutaki."

"Nakupa Diani. Na hoteli zake zote."

"Nikafanye nini huko, nikafue mashuka? Siutaki."

"Chukua Msambweni!"

"Hapana."

Akashusha sauti. "Nakupa Ramisi, Mama."

Nilitaka kulia, lakini nilikuwa mbele za watu. "Ramisi ulishanipa mara nyingi, mwanangu, nimeutia mfukoni. Leo nataka mji mdogo tu. Nipe hapa niliposimama. Kuanzia nguzo hii hadi ile. Bila ukuta."

Sasa alielewa. Akaangalia nguzo zilizosukwa, mrehani, kandili, mkeka wa pazia, leso nyekundu chini ya kila aliyekaa. Akamwangalia Kavata mwenye tui hadi viwikoni. Kisha, kwa sababu ni mtoto wangu na ni mbishi, akajaribu mara ya mwisho.

"Mutinda," alimwita fundi, "hebu hesabu matofali tuone kama yanatosha hata upande mmoja."

Mutinda alizunguka nyumba. Akarudi anakuna kichwa. "Boss, hakuna kitu huko. Ni mchanga tu."

"Hakuna kivipi?"

"Matofali yako hapa," Mutinda alisema, na mwiko ukaelekea barazani. "Wameyakalia."

Japheth alimwendea Husna. "Shikamoo, mama. Naomba tofali."

"Marahaba, baba." Husna alijituliza vizuri zaidi, akaendelea kukuna nazi yake. "Nimekaa."

Akaenda kwa wa pili. "Nimekaa." Kwa wa tatu. "Kwani huoni nimekaa?" Ukawa wimbo. Kila aliyemfikia alimjibu hivyo, na uwanja mzima unaitikia na kupiga sufuria, nimekaa, nimekaa, hadi Mutinda mwenyewe akaanza kutingisha mabega.

Japheth aliinua mikono yote miwili.

"Chukua, Mama! Nakupa mji! Na bibi harusi ni baraza, nimejua, nimejua!"

Kigelegele kilichopigwa siwezi kukiandika. Charo alisimama na fimbo yake, akauliza, "Kwa hiyo mimi simwoi mtu?" Husna akamjibu, "Unaoa baraza, si ndiyo unalala naye kila siku?" Akakaa tena, ameridhika kabisa, na kofia hakuivua.

Wali wa nazi ulipikwa, samaki wangu hawakutosha, watu wakaongeza vyao. Simiti haikuganda bure. Mutinda alisema amekuja kufanya kazi na lazima afanye, basi tuliposhiba wanawake walisogea upande mmoja, yeye akaziba nyufa za sakafu, halafu wakasogea upande wa pili. Ilikauka laini kama kiganja.

Lakini hiyo ni baadaye. Nataka mwone kilichotokea kabla, sahani zilipokuwa zinagawiwa. Japheth alikuwa amesimama na sahani yake, anatafuta pa kukaa, na hapakuwa na nafasi. Nikakumbuka vifuu vya mrehani pale kwenye kona, vya tangu masika. Nikaviinua kimoja kimoja, nikaviweka chini, nikatoa tofali la mwisho lililokuwa chini yake. Nikalipangusa kwa leso.

"Hili hapa," nilimwambia. "Ulikuwa unalitafuta."

Alilipokea, akalitazama, akaliweka sakafuni katikati ya Charo na fundi wake. Akalikalia, akaanza kula.

"Mama," alisema mdomo umejaa, "masika yakianza, utaivisha nini?"